Mpira peke yake hauzuii bangi

Hudhuria ufunguzi wa ligi yoyote ya vijana, iwe ya kata au ya taifa, utasikia maneno yaleyale: michezo inawaepusha vijana na dawa za kulevya. Mgeni rasmi anayasema, anapiga mpira wa kwanza, anapanda gari anaondoka. Maneno hayo yana ukweli, ila ni nusu tu. Nusu iliyobaki ndiyo inayoamua kama timu ya mtaani itamlinda mtoto wa miaka 14, au itamkutanisha na bia yake ya kwanza.

Mwaka 2014 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Matthew Kwan walichapisha uchambuzi wa tafiti 17 zilizowafuatilia vijana kwa muda mrefu, wakilinganisha wanaocheza michezo na wasiocheza. Kwa dawa za kulevya zilizo haramu habari ilikuwa njema: asilimia 80 ya tafiti zilizopima jambo hilo zilikuta wanamichezo wanatumia kidogo zaidi. Bangi ilipoangaliwa peke yake, nusu tu ya tafiti ndizo zilizoonyesha hivyo. Kwenye pombe mambo yakageuka. Tafiti 14 kati ya 17 zilikuta waliocheza michezo wanakunywa zaidi kuliko wenzao.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya ng'ambo. Lakini anayezijua ndondo za mitaani kwetu hatashangaa. Mechi inaisha saa kumi na mbili jioni, timu imeshinda, mfadhili anatoa hela taslimu mbele ya watu, kaka wa miaka 25 aliyefunga bao anaelekea baa, na beki wa kidato cha pili anamfuata kwa sababu leo yeye pia ni mwanaume wa timu. Hakuna aliyemshawishi. Timu ndiyo iliyompeleka.

Kwa hiyo swali la kama michezo inasaidia halitufikishi popote. Tuulize ni kitu gani ndani ya michezo kinachosaidia, ili tukishike hicho. Jibu langu ni kwamba jasho lina mchango mdogo kuliko tunavyodhani. Kinachomlinda kijana ni saa zilizojazwa, mtu mzima anayemjua kwa jina, na kundi ambalo hataki kulipoteza. Mpira ni sababu ya kuwakutanisha.

Hata hivyo jasho nalo lina kazi yake, na inafaa kuijua vizuri ili mtu asiahidi makubwa.

Mwilini kunatokea nini

Sehemu ya ubongo inayotafuta raha huamka mapema katika ujana, ilhali sehemu ya mbele, ile ya kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Katikati ya hapo ndipo sigara ya kwanza hutokea. Mazoezi huchochea mfumo uleule wa raha, kwa kiwango cha chini na bila kuudhuru. Hupunguza msongo wa mawazo na huleta usingizi mzuri, na kijana aliyelala vizuri ana uwezo zaidi wa kukataa kuliko aliyekesha.

Kwa kijana anayevuta tayari, faida moja inaonekana haraka. Hamu ya sigara huja kama wimbi na hupungua yenyewe baada ya dakika chache. Majaribio mengi yameonyesha kwamba kutembea kwa kasi kwa dakika 10 hivi hupunguza hamu hiyo wakati wa kutembea na kwa muda baada ya kumaliza. Katika shule za sekondari za jimbo la West Virginia, Marekani, watafiti waliongeza mazoezi kwenye mafunzo ya kuacha sigara kwa vijana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha walioongezewa mazoezi waliacha kwa wingi zaidi, hasa wavulana. Zingatia kwamba mazoezi yaliongezwa juu ya mafunzo na ushauri. Hayakuchukua nafasi yake.

Ukimsaidia kijana wa namna hiyo, muulize kwanza sigara yake ngumu zaidi ni ya saa ngapi. Wengi wana mbili: ya baada ya chakula cha mchana na ya jioni kijiweni. Matembezi ya haraka ya dakika 10 yawekwe hapohapo, si asubuhi wakati hana hamu. Wiki ya kwanza zimtoshe siku tatu za mazoezi, dakika 15 hadi 20 kila siku, kwa mwendo ambao bado anaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Makocha wengi huharibu hapa. Wanamchanganya na wachezaji wenye pumzi, anatapika raundi ya tatu, wenzake wanacheka, kesho haji. Moshi wa sigara una gesi ya kaboni monoksidi inayokalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, kwa hiyo kijana huyu anakimbia na oksijeni pungufu. Gesi hiyo huanza kupungua saa chache tu baada ya sigara ya mwisho, na ndani ya siku moja au mbili imekwisha kabisa au karibu kabisa. Mwambie hivyo wazi. Vijana hawajali sana saratani ya miaka 40 ijayo, wanajali kufika kwenye mpira kabla ya beki.

Kosa la pili ni kutumia raundi za uwanja kama adhabu. Umechelewa, raundi tano. Umekamatwa unavuta, raundi kumi. Kijana anajifunza kwamba kukimbia ni mateso ya mkosaji, na siku akikosa kocha wa kumlazimisha hatakimbia tena maisha yake yote.

Hatari ambazo kocha hapaswi kuzichezea

Ziko hali ambapo mazoezi yenyewe yanaweza kuua.

Ya kwanza ni gundi, petroli na vimiminika vingine vya kunusa. Mvuke wake huufanya moyo uwe mwepesi mno kuitikia adrenalini. Mtoto aliyetoka kunusa muda huohuo, akifukuzwa au akishtuliwa, mapigo yanaweza kuvurugika na moyo ukasimama palepale, hata kama ni mara yake ya kwanza kunusa. Ukimkuta na chupa mdomoni, usipige kelele, usimkimbize, usimnyang'anye kwa nguvu. Msogelee taratibu, zungumza kwa sauti ya chini, mtoe kwenye hewa safi, mkalishe, na siku hiyo asiguse mpira. Jambo hili walijue pia walinzi wa shule na sungusungu, kwa sababu wao ndio wanaowakimbiza.

Ya pili ni miraa na muguka. Vyote vina kathinoni, kichangamshi kinachoongeza mapigo ya moyo, shinikizo la damu na joto la mwili, kisha huua njaa na usingizi. Kijana aliyetafuna tangu mchana bila kula, akaingia uwanjani Mombasa au Tanga saa tisa alasiri, anaongeza joto juu ya joto huku tumbo likiwa tupu. Atacheza kwa kasi dakika 20 za mwanzo na kila mtu atamsifu, na sifa hiyo ndiyo itakayomrudisha kwenye majani kabla ya mechi ijayo. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina tabia hiyohiyo kwa kiasi kidogo. Vikichanganywa na pombe kali ni vibaya zaidi, maana kafeini huficha dalili za ulevi na kijana haoni kwamba amepita kiasi.

Ya tatu huanza kama tiba. Mchezaji ameumia goti, fainali ni Jumapili, mtu anamletea kidonge cha tramadoli. Hiyo ni dawa ya jamii ya afyuni inayoweza kuleta uraibu, na tangu Januari 2024 Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa Haramu Michezoni linaikataza wakati wa mashindano. Timu ya vijana haina sababu yoyote ya kuwa na dawa hiyo kwenye begi la huduma ya kwanza. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, bendeji, kupumzika, na hospitali maumivu yasipopungua. Anayesema "kunywa tu ucheze" si mfadhili wa timu, hata kama amenunua jezi.

Kijana aliyefika kwenye heroini, unga kama tunavyouita, hatibiwi kwa mazoezi. Arosto, yale mateso ya mwili unapokosa unga, haiondoki kwa mbio. Anahitaji kliniki, na zipo: huduma ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, na sasa inapatikana katika miji kadhaa ya Tanzania na Kenya. Timu inaweza kumpa mahali pa kurudi akiwa kwenye tiba, na hilo ni jambo kubwa.

Ratiba ya jioni

Kwa nchi zetu pengo kubwa la siku liko kati ya mtoto kutoka shule na mzazi kurudi nyumbani: saa tisa alasiri hadi saa moja usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, na takwimu zake za mwaka 2016 zilionyesha asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafiki hapo. Dakika 60 zikiwekwa ndani ya pengo hilo, zinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Zikiwekwa Jumamosi asubuhi tu, zinajenga misuli lakini jioni tano zinabaki mikononi mwa kijiwe.

Mpango unaotekelezeka kwa makocha wawili, vijana 24, mipira sita na uwanja wa vumbi ni huu. Siku zisipungue tatu kwa wiki, zisibadilike, saa kumi kamili hadi kumi na moja na nusu. Dakika 10 za kwanza ni duara na daftari la mahudhurio, kila jina likiitwa kwa sauti. Dakika 15 kupasha misuli. Kisha dakika 45 za michezo midogo, wanne kwa wanne, kwenye viwanja vitatu vilivyochorwa kwa chokaa au kamba. Hili la wanne kwa wanne si mapambo. Kwenye mechi ya 11 kwa 11 kijana asiyejua mpira anaweza kumaliza kipindi kizima akiugusa mara chache sana, na asiyegusa mpira haoni sababu ya kurudi. Dakika 10 kupooza mwili, na 10 za mwisho mazungumzo mkiwa mmekaa chini.

Mazungumzo hayo yana namna yake. Mwongozo wa kimataifa wa kuzuia matumizi ya dawa za kulevya, uliotolewa na Umoja wa Mataifa pamoja na Shirika la Afya Duniani, toleo la pili mwaka 2018, uko wazi: hotuba za kutisha hazizuii, na kuwaleta waliowahi kutumia waje watoe ushuhuda kwa wanafunzi pia hakujaonyesha matokeo. Najua hili linaumiza, kwa sababu waraibu waliopona ni watu jasiri na kila bonanza linawapa kipaza sauti. Lakini mtoto wa miaka 13 anayemsikiliza mtu mzima, mzima wa afya, mwenye hadithi kali na makofi ya umati, anaweza kuondoka na somo moja tu: kumbe unaweza kuingia na kutoka. Ushuhuda huo una nguvu mahali pengine, kwenye nyumba za upataji nafuu na kwa familia zenye mraibu.

Kinachofaa kwa vijana ni kufanya mazoezi ya kukataa, kama wanavyofanya mazoezi ya penalti. Programu ya Umoja wa Mataifa inayoitwa Line Up Live Up imejengwa hivyo: vipindi 10 vya mchezo na stadi za maisha kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, na Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoijaribu. Bila hata kitabu chake, kocha anaweza kuwapanga wawili wawili. Mmoja anabembeleza, "Aah, pafu moja tu mwanangu, nani atajua?" Mwingine anajibu kwa maneno yake mwenyewe, anabadilisha mada, anaondoka. Kisha wanabadilishana. Zamu za kwanza watacheka, na waache wacheke. Ikifika wiki ya nne kila mmoja anakuwa na sentensi yake inayomkaa mdomoni. Zinazofanya kazi ni fupi na hazihubiri: "Kesho nina mechi." "Kocha wangu ana pua ya mbwa." "Nawahi nyumbani, mama yuko macho."

Halafu inakuja saa moja baada ya kipenga cha mwisho, ambayo naiona kuwa muhimu kuliko mechi yenyewe. Hela isigawiwe uwanjani, hata elfu moja moja. Posho au zawadi ikaliwe pamoja: chai na maandazi, au sufuria ya wali maharage kwa mama ntilie mliyekubaliana naye mapema. Wachezaji wa chini ya miaka 18 wasitoke na kikosi cha wakubwa. Watembee makundi kwa makundi kulingana na njia za kwao, na kila kundi liwe na kiongozi anayepiga simu akifika. Kocha asivute wala kunywa mbele yao, na asinuke. Nchini Australia mpango wa Good Sports, ulioanza mwaka 2000, unashughulika na klabu zenyewe badala ya kuwahubiria wachezaji: nani anauziwa pombe, nani anaihudumu, nani anafadhili, watu wanarudije nyumbani. Ulipopimwa kwa jaribio la kisayansi, ulevi wa kupindukia ndani ya klabu ulipungua. Sisi tunaweza kuanza na jambo dogo zaidi, kukataa jezi ya vijana yenye nembo ya bia au ya kubeti.

Kwenye mwezi wa Ramadhani ratiba ya pwani inageuka, mechi zinachezwa usiku baada ya tarawehe, na vijana wana ruhusa ya kuwa nje hadi saa sita. Timu isiyojipanga upya inawaacha kwenye barza za shisha wakati huohuo. Shisha wengi huidhania mvuke wa matunda, kumbe kikao kimoja cha saa nzima huingiza kifuani moshi mwingi mara nyingi kuliko sigara moja.

Wasichana wanahitaji mpango wao, tusiwatupie tu mpira wa netiboli. Wengi wana kazi za nyumbani jioni, na giza si rafiki yao. Saa tisa na nusu hadi kumi na moja inawafaa zaidi, uwanja ulio karibu, kocha mwanamke au angalau mlezi mwanamke anayekuwepo kila siku, na pedi kwenye begi la huduma ya kwanza.

Anayeachwa benchi

Timu yoyote ikichagua 20 kati ya 40, wale 20 wengine wamepoteza saa, mtu mzima na kundi kwa siku moja. Hao ndio wa kuwafuatilia. Wapewe kazi za kweli: mshika kibendera, mtunza vifaa, mwandika takwimu, kocha msaidizi wa watoto wadogo. Au liundwe kundi la pili lenye ratiba kamili. Hali ileile humkuta aliyevunjika mguu na aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu.

Kufukuza kwenyewe kunahitaji kiasi. Kanuni ninayoitetea ni kwamba aliyelewa au aliyevuta hachezi siku hiyo, anakalishwa, anapewa maji, anarudishwa nyumbani na mtu mzima, lakini jina lake linabaki kwenye daftari. Siku mbili baadaye kocha anazungumza naye faraghani. Anza na ulichokiona, si ulichokisia: "Wiki hii umekosa mara mbili, na Jumanne ulikuja umechelewa, kuna nini?" Macho mekundu si ushahidi, vumbi na kukesha vinaleta hayohayo. Sikiliza zaidi ya kuongea. Akikiri, usimwahidi siri isiyo na mipaka. Mwambie kwamba maisha yake yakiwa hatarini utamshirikisha mtu. Mahudhurio matatu yakikosekana mfululizo, mtu aende kwao, na aende kwa salamu, si kwa mashtaka. Watoto Tanzania na Kenya wanaweza kupiga 116 bure, na Kenya kuna 1192 ya mamlaka ya NACADA kwa ushauri wa ulevi na dawa.

Wanaotaka kuona haya yote yakiunganishwa kitaifa hutazama Iceland. Mwaka 1998 asilimia 42 ya wanafunzi wa miaka 15 na 16 huko walisema wamelewa katika siku 30 zilizopita, na mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Waliovuta sigara kila siku walishuka kutoka asilimia 23 hadi 3. Watu husimulia kwamba siri ilikuwa michezo, na kweli wanaofanya mazoezi mara nne au zaidi kwa wiki waliongezeka kutoka asilimia 24 mwaka 1997 hadi 42 mwaka 2012. Lakini michezo ile ilikuwa na makocha waliosomea na wanaolipwa, na jiji la Reykjavik lilizipa familia kadi ya kulipia shughuli za mtoto. Sheria ikakataza watoto wa miaka 13 hadi 16 kuwa nje peke yao baada ya saa nne usiku wakati wa baridi, na wazazi wakatembea mitaani kwa zamu usiku wa wikiendi. Pombe haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 20. Hatuna bajeti yao, lakini zamu za wazazi hazihitaji bajeti.

Kwetu liko pengo ambalo wao hawana. Mtihani wa kidato cha nne Tanzania unaisha Novemba, matokeo hutoka Januari, kidato cha tano huanza Julai. Ni miezi saba au zaidi bila shule, bila sare, bila anayeuliza uko wapi, kwa kijana wa miaka 17. Timu za shule humuaga siku ya mahafali, na za mtaani humkuta baadaye akiwa kijiweni. Daftari la kocha linapaswa kuwa na orodha ya wanaomaliza kabla Oktoba haijaisha, na mbele ya kila jina kazi atakayoanza Desemba: kozi ya urefa ya wilaya, kikosi cha watoto chini ya miaka 12 cha kufundisha mara tatu kwa wiki, au ratiba ya ligi ya likizo aisimamie yeye, akiwa na funguo za stoo ya vifaa mkononi.